Kozi si Kazi: Maneno kwa Vijana wa Vyuo

(Haya ndiyo maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa vyuo na wazazi wao waliokutana Kariokor, Nairobi. Twayapiga chapa kama yalivyosemwa, kwa kuwa jambo lenyewe lawahusu pia wasomaji wetu wa mashambani, ambao watoto wao wako chuoni au wangali wakingoja kwenda.)



Nimeombwa niseme habari ya kijana wa chuo na namna ya kuchagua kazi. Kazi yangu mimi ni kufasiri. Kila siku naletewa karatasi za serikali zilizoandikwa kwa Kiingereza, nami nazigeuza ziwe Kiswahili ambacho mzee wa Mwingi na mama wa Mumias wataweza kukisoma pasipo kuumwa na kichwa. Mtu wa kazi hiyo ana ugonjwa mmoja: hawezi kulipita neno bila kulitazama mara mbili. Basi mtaniwia radhi nikianza na maneno mawili, yaani kozi na kazi. Yametengwa na herufi moja tu, na nadhani ndiyo sababu watu wengi huyachanganya. Kijana huchagua kozi, hupata nafasi, huchinjiwa kuku nyumbani kwao, naye hudhani ya kwamba amekwisha chagua kazi. Sivyo. Kozi ni yale utakayofundishwa kwa miaka miwili au minne. Kazi ni yale utakayoyafanya tangu asubuhi hata jioni kwa miaka thelathini inayofuata, na ambayo mtu mwingine atakuwa radhi kutoa fedha yake kwa ajili yake. Kati ya hayo mawili pana bonde, na bondeni humo ndimo zilimozama fedha za ng'ombe wengi waliouzwa na vipande vingi vya mashamba.

Mahali hapa tulipokutana pana habari inayotuhusu. Jina la Kariokor ni la Kiingereza lililogeuzwa na ndimi za watu. Lilikuwa jina la Kikosi cha Wapagazi katika vita ya mwaka 1914 hata 1918, na Kariakoo ya Dar es Salaam ni ndugu yake, jina ni lile lile. Wapagazi wale walichukua vyakula, risasi na majeruhi kwa vichwa na mabega, wakifuata majeshi ndani ya nchi ya Tanganyika. Maelfu kwa maelfu hawakurudi, na wengi wao waliuawa na maradhi, si na risasi. Je, waliichagua kazi ile? Labda wachache. Katika Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwaandika watu kwa nguvu, na mwaka 1917 wakakusanywa wengi kuliko wakati wowote. Vita ilipokwisha kikaja kipande, karatasi iliyovaliwa shingoni ndani ya kikebe, nayo iliandikwa kazi ya mtu na mshahara wake. Akiiacha kazi kabla ya bwana wake kutia sahihi alihesabiwa mtoro. Ukipita katika Barabara ya Kenyatta utaiona sanamu ya mpagazi yule, amesimama pamoja na askari, na maneno ya Kiswahili yamechongwa hapo.

Siyasemi haya ili kuwahuzunisha. Nataka mwone kwamba kuchagua kazi ni jambo geni katika nchi yetu. Babu za babu zenu hawakuulizwa wapenda kazi gani. Kwa hiyo kijana akirudi nyumbani na kukuta kwamba hakuna ajuaye kumshauri, asiwadharau wazee wake. Jambo ambalo mtu hakuruhusiwa kulifanya, atalifundishaje?

Lakini wazee nao wana methali moja wanayoipenda mno: Mchagua jembe si mkulima. Kijana akisema kwamba moyo wake hauko katika ualimu, hutupiwa methali hiyo, na mazungumzo yamekwisha. Mimi naiheshimu methali, ila yafaa isomwe taratibu. Imenena juu ya jembe. Haikunena juu ya shamba. Mkulima hodari halalamikii mpini, lakini wala hapandi chai Lamu, wala minazi Limuru.

Sasa niseme juu ya aibu, maana aibu huwachagulia vijana kazi kuliko walimu wote. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 walipata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo mlango wa kuingilia masomo ya shahada. Hao ni kama robo tu ya wote waliofanya mtihani. Lakini ukisikiliza maongezi ya wazazi kituoni au kanisani au msikitini, utadhani robo hiyo ndiyo nchi nzima, na ya kwamba wale robo tatu wamezama baharini. Mtoto aliyepata C- aweza kuingia masomo ya diploma. Aliyepata D aweza kusomea cheti cha ufundi. Na aliye chini ya hapo ana mafunzo ya msingi ya ufundi yanayompokea. Mkopo wa serikali wa elimu ya juu nao hutolewa hata kwa walio katika vyuo vya ufundi. Njia zipo. Ila mzazi aona haya kusema mbele ya jirani kwamba mwanawe anasomea mabomba.

Dharau hiyo ina chanzo chake, nami siwezi kuwalaumu wazazi upesi. Makerere yenyewe, ambayo jina lake hutajwa kwa heshima, ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Hapa Kabete mwaka 1924 serikali ilifungua mahali pa kuwafundisha Waafrika ufundi, na chuo hicho kingalipo hata leo. Mambo hayo yalikuwa mema, lakini siku zile ufundi ulikuwa dari, haukuwa ngazi. Mwafrika alifundishwa kupiga randa ili asije akatamani kusoma sheria, kisha akalipwa kwa kadiri ya rangi yake wala si kwa kadiri ya ustadi wake. Mwaka 1954 ndipo Tume ya Lidbury iliposhauri kwamba mishahara ya serikali isipangwe tena kwa rangi ya mtu. Mzee aliyeyaona hayo akamwambia mwanawe, "Acha nyundo, shika kalamu," alikuwa na akili timamu kabisa. Maneno yake yalikuwa ya kweli kwa wakati wake.

Shida ni kwamba mjukuu angali akiyarudia, na kalamu yenyewe imekwisha badilika. Zamani katika ofisi kubwa palikuwa na vyumba vizima vya wapiga taipu. Leo afisa hujiandikia barua mwenyewe katika kompyuta. Mwenye kazi ya kuunganisha simu kwa mkono hayupo tena. Na kwa upande wa pili, mwaka 2007 ilianzishwa M-Pesa, na vibanda vya mawakala vikaenea hata pasipofika basi. Mwalimu gani katika mwaka 1997 angaliweza kumwambia mwanafunzi wake, "Mwanangu, jitayarishe kwa kazi ile"? Kwa hiyo mtu akikuambia kwa kiburi kwamba anajua kazi zitakazokuwako miaka ishirini ijayo, mpe kiti, mpe chai, lakini usimpe karo yako.

Basi kijana afanyeje, ikiwa hata wenye hekima hawajui? Mimi nasema aanze kwa kutazama kazi yenyewe kwa macho yake, kabla ya kulitazama jina lake. Wala msiende mbali. Nendeni hapo soko la Kariokor, penye mafundi wa makubadhi na vyondo, mkakae nusu siku. Nasema kukaa, sisemi kupita.

Mtazameni fundi wa makubadhi. Kwanza hununua ngozi, naye lazima ajue kwa kuigusa ipi itafaa soli na ipi itafaa mikanda. Kisha huilaza mbele yake na kuzipanga kalibu juu yake kama mtu apangaye samani katika chumba kidogo, ili pasitupwe hata upana wa kidole, kwa sababu faida yake yote imo katika vile vipande ambavyo mtu asiyejua angalivitupa. Halafu hukata, hupaka gundi, hushona, hugonga. Anakuja mteja wa Kitui, akifuatwa na mgeni wa Ulaya, kisha mwenye duka wa Mombasa anapiga simu ataka jozi mia kabla ya mwisho wa mwezi. Fundi hukubali. Lakini mwulizeni: jozi mia zile zitamgharimu kiasi gani, na atabakiwa na nini? Mafundi wengi watawajibu kwa kukisia, kwa maana hesabu zao zimo kichwani, na kichwani humo zimechanganyika na karo za watoto na kodi ya nyumba.

Hapo basi mwanafunzi wa biashara na afungue macho. Amesoma miaka mitatu juu ya makampuni makubwa ya ng'ambo, na hapa mbele yake pana mtu mwenye bidhaa njema na wateja wa mahali patatu, asiye na daftari. Mwanafunzi wa kemia naye na aulize ngozi ile ililainishwa kwa dawa gani na maji yake machafu yalimwagwa wapi, kwa maana viwanda vya ngozi havina budi kuwa na watu wa kujibu swali hilo. Aliyesomea michoro aone jinsi umbo moja lilivyorudiwa katika meza kumi, na ajiulize kama yeye angaliweza kulitoa la kumi na moja. Na mwenye kusomea sheria, asidhani hana kazi hapa. Na amwulize fundi kama aliandikiana lolote na mwenye duka wa Mombasa. Kozi ngapi zimekaa ndani ya kiatu kimoja! Nami sikuvitaja vyondo, ambavyo vina katani yake, rangi zake, na akina mama wanaovisuka, wengi wao wakiwa mbali na soko hili, huko Ukambani, wakipata fungu dogo kuliko wote wa bei ile inayolipwa hapa.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Dunia lilitoa taarifa yake juu ya Kenya, ikasema kwamba watu hawa ambao sisi twawaita jua kali hawakukaa bure wala si mzigo kwa nchi, bali wanafanya kazi na kuzalisha mali. Ni ajabu kidogo kwamba ilitubidi kuambiwa na wageni habari za majirani zetu.

Najua kuna kijana asemaye moyoni mwake, "Huyu atuita tuwe mafundi wa viatu." La. Nasema kwamba mtu asiyejua kazi inavyofanyika hawezi kujua kama aitaka. Ukitaka uuguzi, ukae zamu moja ya usiku karibu na wauguzi, uone kama waweza kuvumilia harufu na vilio na makaratasi. Maana kuna makaratasi mengi kuliko mlivyoona katika sinema. Ukitaka uhasibu, mwombe mhasibu akuonyeshe siku ya kufunga hesabu za mwezi. Jirani zetu wa Starehe, shule iliyoanzishwa mwaka 1959 katika vibanda viwili vya mabati, wana desturi ya kuwatuma vijana wao kufanya kazi za kujitolea wakati wa likizo. Desturi hiyo yaweza kuigwa na mtu yeyote bila ruhusa ya mtu yeyote. Wiki mbili za Agosti hazigharimu kitu ila nauli.

Niwape mifano ya watu wawili ambao habari zao zajulikana na wote. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930. Alisoma Mangu, na karo ya kuendelea mbele haikupatikana. Mwaka 1948 akaingia katika chuo cha wakaguzi wa afya hapa Nairobi. Ukaguzi wa afya! Kutazama mitaro, vyoo, maziwa na nyama. Sidhani kama kuna mzazi aliyepata kuomba kwa machozi mwanawe awe mkaguzi wa mitaro. Lakini kazi ile ilimpeleka ndani ya nyumba na ndani ya maisha ya wafanyakazi wa jiji. Mwaka 1952 wakaunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, naye alikuwa na miaka 23. Mwaka 1959 yeye na wenzake wakawapeleka Marekani kwa ndege vijana 81 kwenda kusoma, na wengine wakawafuata.

Miongoni mwa wale waliofuata, mwaka 1960, alikuwako Wangari Maathai, akaenda kusoma elimu ya viumbe. Mwaka 1966 alirudi Nairobi akiwa na ahadi ya kazi katika elimu ya wanyama, na alipofika akaambiwa kwamba nafasi imekwisha pewa mtu mwingine. Hebu fikirini: miaka ya kusoma, safari ya bahari na nchi, kisha mlango umefungwa. Akatafuta, akapata nafasi katika idara nyingine, ya anatomia ya mifugo, ambayo hakuwa ameipanga. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Na ni katika utafiti wake juu ya kupe waletao ugonjwa wa ng'ombe, akizunguka mashambani kuwakusanya, ndipo alipoanza kuona mito imegeuka rangi ya udongo na ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho. Mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti, na mwaka 2004 dunia ikampa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alipofariki mwaka 2011, mwili wake ulichomwa hapa hapa Kariokor, kwa kuwa hakutaka miti ikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Kozi ya kuwafundisha akina mama kupanda miti haikuwamo katika kitabu cha chuo chochote alichosoma.

Watu hawa wawili hawakufika kwa kuijua njia yote tangu mwanzo. Walishika kazi iliyopatikana, wakaifanya vizuri, na wakafumbua macho wakiwa ndani yake. Lakini angalieni: Mboya alikuwa mkaguzi kamili mwenye cheti, na Wangari alikuwa mwanasayansi kamili. Kugeuza njia si sawa na kutojifunza lolote.

Nirudi katika mambo ya karatasi, maana hayo ndiyo yaniletayo mkate. Kabla ya kulipa shilingi moja, ulizeni kama chuo kimeandikishwa. Vyuo vya ufundi huandikishwa na mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013, na vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha ulizeni jambo la pili ambalo wengi hulisahau: je, bodi ya kazi hiyo yaitambua kozi hii? Mwuguzi, mhandisi, mwanasheria na mfamasia, kila mmoja ana bodi yake au baraza lake, na pasipo kuandikwa nalo hawezi kufanya kazi. Katika miaka ya 2010 tuliwaona vijana waliosoma uhandisi miaka mitano, wakavaa majoho, wakapigwa picha, kisha bodi ikakataa kuwaandika kwa kuwa kozi yao haikuwa imethibitishwa nayo. Chuo kilikuwa halali, cheti kilikuwa halali, na mlango ulikuwa umefungwa. Swali moja katika mwaka wa kwanza lingaliwaokoa.

Aliyepewa kozi asiyoitaka asikate tamaa, wala asikae kimya mpaka mwaka wa tatu. Idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo hufungua muda wa kuomba kuhamishwa; muda huo ni mfupi, na tangazo lake husomwa na wachache. Na fundi aliyejifunza kazi mikononi mwa mjomba wake, bila darasa, aweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali akapata daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza.

Juu ya mkopo nitasema kwa ufupi. Mkopo wa shahada una riba ya shilingi 4 kwa kila mia kwa mwaka, na siku ya kuanza kulipa huja mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, umepata kazi au hujapata. Kwa hiyo yule kifungua mimba, ambaye nyuma yake kuna wadogo wanne wanaomtazama, na afikiri sana. Labda kwake diploma ya miaka mitatu, kisha mshahara, kisha shahada baadaye, ni afadhali kuliko kungoja yote kwa pamoja. Tangu sheria ya mwaka 2014 nchi ina utaratibu wa kuviunganisha vyeti, ili mtu apande kutoka kimoja hata kingine. Baba na mama, jambo hili lizungumzeni nanyi pamoja naye, mezani, na hesabu zikiwa zimeandikwa. Mwambieni wazi ni kiasi gani kipo na ni kiasi gani hakipo. Watoto wengi huchagua kozi kwa fedha ambazo wadhani baba anazo, na baba huona haya kusema kwamba hana.

Muda niliopewa umekwisha, na naona yule kijana wa nyuma ameinua mkono tangu niliposema habari ya wahandisi. Na aulize.